Maisha ya Mtu katika Mistari Kumi: Historia ya Tarjama

Katika kamusi elezo, yaani kitabu kinachokusanya maarifa ya fani nyingi na kuyapanga ili msomaji alifikie jambo moja bila kulazimika kuyapitia mengine, hakuna maandishi yanayodhaniwa kuwa mepesi kama ingizo fupi juu ya mtu: jina lake na la baba yake, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, mahali alipotoka, walimu aliosoma kwao, aliyoyatenda au kuyaandika, na pengine sifa moja ya tabia yake. Wataalamu walioandika kwa Kiarabu, ambao waliikuza sanaa hii kwa upana mkubwa kabla ya zama za uchapaji, waliliita ingizo la namna hiyo tarjama, na jina hilo ndilo litakalotumika humu. Tarjama huwa na mistari michache, na kwa hiyo wasomaji wengi huiona kuwa kazi ndogo. Lakini kila mstari wake umebeba maamuzi mawili mazito, kwanza ni nani anayestahili kukumbukwa, na pili habari zake zimetoka kwa nani. Historia ya tarjama, kutoka Baghdad hadi Timbuktu na kutoka Paris hadi Unguja, ni historia ya namna watu mbalimbali walivyoyajibu maswali hayo mawili.

Kukusanya maarifa ya kila namna katika kitabu kimoja kulianza kabla ya Uislamu. Mrumi Plinius Mzee alimtunukia mwana wa mfalme, Titus, kitabu chake cha Historia ya Maumbile mwaka 77 BK, chenye sehemu 37, na katika dibaji alidai kuwa amekusanya mambo 20,000 kutoka vitabu 2,000 hivi. Sehemu nzima ya kwanza aliitumia kuorodhesha yaliyomo pamoja na majina ya waandishi aliowategemea, jambo ambalo wachache wa zama zake walijali kulifanya. Alikufa miaka miwili baadaye katika mlipuko wa volkano ya Vesuvius. Hata hivyo, Plinius alishughulika zaidi na wanyama, mimea, madini na nyota kuliko maisha ya watu, na tarjama yenyewe ilisubiri haja nyingine iliyo kali zaidi.

Haja hiyo ilikuwa ya dini. Hadithi, yaani habari za maneno na matendo ya Mtume Muhammad, zilipokewa kutoka mdomo hadi mdomo kabla ya kukusanywa vitabuni, na kila hadithi ilitangulizwa na isnadi, ambayo ni mfululizo wa majina ya wapokezi wake: fulani alisikia kwa fulani, naye alisikia kwa fulani, mpaka kwa Mtume. Uzito wa hadithi ulikuwa uzito wa watu wale. Kwa hiyo wanavyuoni walilazimika kumjua kila mpokezi: alizaliwa lini, aliishi mji gani, alisafiri wapi, kumbukumbu yake ilikuwaje, alisema kweli au alijulikana kwa uongo. Mpokezi wa Basra akidai kuwa amesikia kwa sheikh wa Damascus, mkaguzi alitazama miaka yao. Ikiwa sheikh alifariki kabla mpokezi hajazaliwa, au ikiwa hakuna ushahidi kuwa wawili hao waliwahi kukutana, basi isnadi imekatika na hadithi inatiliwa shaka. Hapo ndipo mwaka wa kufa, ambao leo huwekwa ndani ya mabano kama pambo, ulipopata heshima yake: ulikuwa chombo cha kupimia ukweli.

Miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya aina hii ni kile cha Ibn Saad, aliyefariki Baghdad mwaka 845, kilichowapanga watu kwa tabaka, yaani kizazi baada ya kizazi: masahaba kwanza, kisha waliowafuata, kisha waliofuata hao. Sehemu yake ya mwisho inahusu wanawake, na ni lazima jambo hilo litajwe wazi, kwa sababu waandishi wengi wa karne za baadaye, wa Mashariki na wa Magharibi, waliusahau mfano huo. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870 na ambaye umma humjua zaidi kwa mkusanyo wake wa hadithi, aliandika pia kitabu kikubwa cha wapokezi kilichopangwa kwa herufi za alfabeti, isipokuwa wenye jina la Muhammad, ambao aliwatanguliza kwa heshima ya Mtume. Utaratibu wa alfabeti unaonekana wa kawaida leo, lakini matokeo yake ni makubwa: unamweka maskini kando ya waziri na mtumwa aliyeachwa huru kando ya bwana, kwa sababu tu majina yao yanaanza kwa herufi moja.

Mtumwa mmoja wa namna hiyo ndiye aliyeifikisha sanaa ya ingizo fupi, hata lile la mahali badala ya mtu, kwenye kilele. Yaqut al-Hamawi alizaliwa mnamo mwaka 1179 katika nchi za Warumi wa Mashariki kwa wazazi wa Kigiriki, akatekwa angali mtoto, akauzwa Baghdad kwa mfanyabiashara aitwaye Askar al-Hamawi. Bwana huyo hakujua kuandika vizuri, na kwa kuwa biashara yake ilihitaji mtu wa kuweka hesabu, alimsomesha kijana wake, kisha akamtuma safari za biashara hadi kisiwa cha Kish katika Ghuba, Oman na Shamu. Mwaka 1199, baada ya kutofautiana, Yaqut aliachwa huru. Hakuwa na mali wala ukoo. Alichokuwa nacho ni mwandiko, na kwa mwandiko huo alijipatia chakula akinakili vitabu kwa ujira, kazi ambayo Waarabu walimwita mwenye kuifanya warraki, yaani mnakili na muuza vitabu. Pengine hakuna shule bora kuliko hiyo kwa mwandishi wa marejeo, kwa kuwa mnakili hulazimika kusoma kila neno la kitabu, hata maneno ambayo msomaji wa kawaida angeyaruka.

Safari zake za kuuza na kutafuta vitabu zilimfikisha Merv, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa leo Turkmenistan. Huko alikuta maktaba kumi za wakfu, na ameandika kuwa watunzaji wake walikuwa wakarimu kiasi kwamba nyumbani kwake hazikukosekana juzuu 200 za kuazima, nyingi akiwa amezichukua bila kuweka rehani. Katika baraza la wanavyuoni mjini humo, mwaka 1218, aliulizwa juu ya mahali palipotajwa katika hadithi, Hubasha, palipokuwa soko la Waarabu wa kale. Yaqut alilisoma jina kwa irabu moja, mtu mwingine akashikilia kuwa husomwa kwa irabu nyingine, na katika vitabu vyote walivyovitazama hawakupata jibu kwa urahisi. Bishano hilo dogo lilimshawishi kuwa watu wa elimu wamekosa kitabu cha majina ya mahali kilichohakikiwa herufi kwa herufi, naye akaazimia kukiandika.

Wamongolia walikaribia kumkatisha. Mnamo 1219 na 1220 Yaqut alikimbia kutoka Khwarazmi akiwa hana kitu, akafika Mosul katika ufukara mkubwa, na kutoka huko alimwandikia barua ndefu al-Qifti, waziri wa Aleppo na mwandishi mwenzake, akimweleza uharibifu alioukimbia. Mwaka 1221 Merv iliangamizwa, na maktaba zile kumi zikatoweka. Kwa hiyo mengi ambayo Yaqut alikuwa ameyanukuu humo yamebaki duniani kwa sababu yeye aliwahi kuyanukuu. Aliikamilisha rasimu ya Mujam al-Buldan, kamusi yake ya nchi na miji, mwaka 1224, na akafariki Aleppo mwaka 1229. Katika dibaji aliwasihi watakaokuja wasikifupishe kitabu chake, akirudia hoja kwamba mwenye kufupisha kazi ya mwenzake ni kama mtu anayekata viungo vya kiumbe kizima. Karne iliyofuata kilifupishwa.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wana sababu ya pekee ya kumshukuru. Yaqut hakufika kwenye nchi ya Zanji, jina ambalo Waarabu waliipa pwani hii, lakini alizitembelea bandari zilizofanya nayo biashara, na katika kamusi yake kuna maingizo juu ya Mogadishu, Kilwa, Mombasa, Unguja na Pemba. Juu ya Mogadishu anasema kuwa mji huo hauna mfalme, kwamba mambo yake huendeshwa na wazee, na kwamba mfanyabiashara mgeni hana budi kufikia kwa mwenyeji mmoja atakayemdhamini. Katika bidhaa zake anataja pembe za ndovu na ambari. Juu ya Unguja anaeleza kisiwa kikubwa kinachofikiwa na merikebu kutoka pande zote, chenye mizabibu inayozaa mara tatu kwa mwaka, na kwamba watu wake wamehamia kisiwa kingine kinachoitwa Tumbatu, ambacho wakazi wake ni Waislamu. Juu ya Pemba, anayoiita Kisiwa cha Kijani, anataja miji miwili ambayo majina yake ni rahisi kuyatambua kuwa Mtambwe na Mkumbuu, kila mmoja ukiwa na sultani wake asiyemtii mwingine, na anaongeza kuwa mmoja wa masultani hao alijinasibisha na Waarabu wa al-Kufa. Kisha anafanya lile linaloitofautisha kamusi ya kuaminika na ya porojo: anamtaja aliyempa habari hizo, sheikh mmoja wa Basra, na kueleza kuwa mtu huyo alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake na kwamba yeye Yaqut anamwamini. Mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale walifukua Mtambwe Mkuu hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na zimepigwa kwa majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani. Maingizo ya mistari michache, yaliyoandikwa na mtu ambaye hakuvuka bahari kuja huku, yamekuwa miongoni mwa ushahidi wa maandishi unaotegemewa zaidi juu ya Pemba ya zama hizo.

Muda mfupi baada ya kifo cha Yaqut, mwaka huo huo, kijana wa miaka 18 kutoka Irbil aliwasili Aleppo kusoma, akawakuta watu wakimsifu marehemu ambaye yeye hakuwahi kumwona. Kijana huyo alikuwa Ibn Khallikan, aliyezaliwa mwaka 1211, na baadaye alimwandikia Yaqut tarjama ndefu ambamo aliihifadhi ile barua ya kukimbia Wamongolia. Ibn Khallikan alipanda hadi kuwa kadhi mkuu wa Damascus, akaondolewa, akarudishwa, na katikati ya misukosuko hiyo alikusanya kitabu kilichoanzwa Cairo mwaka 1256 na kukamilishwa mwaka 1274, ambacho jina lake linaeleza kuwa kinahusu vifo vya watu mashuhuri. Kina tarjama zaidi ya 800.

Kinachomfanya Ibn Khallikan awe mwalimu wa waandishi wa marejeo hata leo ni masharti aliyojiwekea. Aliwaacha masahaba na makhalifa, kwa hoja kwamba vitabu juu yao vilikuwa vingi vya kutosha, na akawaingiza wale tu ambao aliweza kuhakikisha mwaka wao wa kufa. Alihakiki matamshi ya majina na kuyafafanua irabu kwa irabu, ili mnakili mzembe asiyaharibu. Lakini hakuwa mkavu: katikati ya nasaba na tarehe anaingiza beti mbili za shairi la marehemu, jibu la haraka alilompa mtawala, au ugomvi wake na jirani, kwa sababu alijua kuwa tarehe humweka mtu katika wakati wake, na kisa kidogo humrudishia uso. Wasomi, makadhi, washairi, matabibu na mawaziri wamo, na wamo pia wanawake wachache, kama Rabia al-Adawiyya, mcha Mungu wa Basra, na Shuhda, mwandishi wa khati na mwalimu wa hadithi wa Baghdad. Baada yake mikusanyo iliongezeka ukubwa. Al-Safadi, aliyefariki mwaka 1363, aliandika tarjama zaidi ya 14,000. Al-Sakhawi wa Cairo, aliyefariki mwaka 1497, alitenga juzuu nzima yenye wanawake zaidi ya 1,000 wa karne yake, baadhi yao wakiwa walimu waliotoa ijaza, yaani idhini ya kusomesha kile ambacho mwanafunzi amekisoma kwao.

Mwandishi mkuu wa tarjama aliyezaliwa Afrika kusini mwa Sahara aliifanya kazi yake akiwa mateka. Ahmad Baba, aliyezaliwa mwaka 1556 katika ukoo wa wanavyuoni wa Timbuktu, alikuwa na umri wa miaka 34 jeshi la Sultani wa Moroko lilipoishinda dola ya Songhai mwaka 1591. Wanavyuoni wa mji huo walishukiwa kuchochea upinzani, wakakamatwa, na baadhi yao wakavushwa jangwa hadi Marrakesh wakiwa wamefungwa. Ahmad Baba alilalamika kuwa vitabu vyake 1,600 viliporwa, na akaongeza kuwa maktaba yake ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote katika jamaa zake. Mwaka 1596, akiwa bado uhamishoni, alimaliza kitabu chake cha wanavyuoni wa madhehebu ya Malik, chenye tarjama zaidi ya 800, na humo akawaweka watu wa Timbuktu katika safu moja na watu wa Fez, Tunis na Cairo bila kuomba radhi wala kueleza kwa nini. Kwa waliomteka, hilo lilikuwa jibu lisiloweza kubatilishwa kwa amri ya sultani.

Tarjama iliyo bora zaidi katika kitabu hicho ni ya mwalimu wake, Muhammad Baghayogho, aliyefariki mwaka 1594. Ahmad Baba anasimulia kuwa Baghayogho alikuwa akiwaazima watu vitabu vyake vyote, hata vile adimu na vya thamani, bila kuvidai tena, hata akavipoteza vingi kwa njia hiyo. Mara nyingine mwanafunzi alifika mlangoni akitaka kitabu fulani, naye akampa bila hata kumjua ni nani. Asubuhi alifundisha, mchana akawasuluhisha watu, na aliwavumilia wanafunzi wazito wa kuelewa mpaka waliokaa karibu wakachoka kwa niaba yake. Mtu aliyeandika maneno hayo alikuwa ameporwa maktaba nzima, na ni vigumu kuyasoma bila kuhisi uchungu wake, ingawa yeye mwenyewe hakuutaja mahali hapo. Aliruhusiwa kurudi Timbuktu mwaka 1608, akafariki huko mwaka 1627.

Ulaya ilifika kwenye kamusi elezo kwa njia nyingine, na kwa muda mrefu iliibagua tarjama. Ensaiklopidia maarufu ya Ufaransa, iliyohaririwa na Denis Diderot pamoja na Jean d'Alembert na kuanza kuchapwa Paris mwaka 1751, ilikuwa na juzuu 17 za maandishi na 11 za michoro, na maingizo yake yalizidi 70,000. Ilipigwa marufuku mara mbili, mwaka 1752 na mwaka 1759, na mwaka huo wa pili Papa Klementi wa 13 akaiweka kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Diderot alitaka kitabu cha sayansi, ufundi na kazi za mikono. Maisha ya watu hayakupewa maingizo yao. Msaidizi wake, Louis de Jaucourt, mtu mwenye elimu ya utabibu aliyeandika maingizo 17,000 hivi kwa gharama zake mwenyewe, alipata njia ya kuikwepa kanuni hiyo: aliyaweka maisha ya watu chini ya majina ya mahali walipozaliwa. Anayetafuta habari za Isaac Newton huzikuta kwenye ingizo la kijiji kidogo cha Uingereza alikozaliwa, na za Shakespeare kwenye Stratford. Jaucourt huyohuyo ndiye aliyeandika, katika juzuu ya 16 iliyotoka mwaka 1765, ingizo linaloilaani biashara ya watumwa wa Kiafrika kuwa kinyume cha dini, maadili na haki za binadamu, wakati ambapo maingizo mengine ya kamusi hiyo hiyo yaliwadharau Waafrika. Kamusi elezo moja ilibeba sauti zote mbili, na msomaji aliyeishia ingizo moja hakuijua nyingine.

Britannica, iliyoanza kutoka Edinburgh mwaka 1768, nayo haikuwa na tarjama katika toleo lake la kwanza. Ziliingizwa katika toleo la pili, lililoanza mwaka 1777. Karne iliyofuata mataifa ya Ulaya yalianza kushindana kuandika kamusi za watu wao. Ya Waingereza ilitoka kati ya mwaka 1885 na 1900 katika juzuu 63, chini ya Leslie Stephen na kisha Sidney Lee, na ilikuwa na maingizo zaidi ya 29,000. Ndani yake David Livingstone amepewa kurasa kadhaa. Chuma na Susi, waliouongoza msafara uliobeba mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo mwaka 1873 na 1874, pamoja na shajara zake zilizowawezesha waandishi wa Uingereza kumjua, hawakupewa ingizo. Makosa ya namna hiyo hayakuwa ya uzembe. Yalitokana na imani ya wahariri juu ya nani ana historia na nani ni sehemu tu ya mandhari.

Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois aliona mapema kuwa imani hiyo haiwezi kuvunjwa kwa hotuba peke yake. Mwaka 1909 alipendekeza kamusi elezo ya watu wa asili ya Afrika, akaitafutia fedha kwa miongo mingi bila mafanikio, na mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 93, alihamia Ghana kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah ili kuianza. Alifariki Accra tarehe 27 Agosti 1963. Nkrumah alipinduliwa mwaka 1966, lakini kazi haikufa: juzuu ya kwanza, ya wasifu wa watu wa Ethiopia na Ghana, ilitoka mwaka 1977, na ya pili mwaka 1979. Kwamba juzuu ya kwanza ya ndoto kubwa kiasi hicho ilikuwa ya tarjama si ajabu, maana bara lililonyimwa majina huanza kwa kuyarudisha majina.

Pwani ya Waswahili haikusubiri Accra. Utaratibu wa Ibn Khallikan ulikuwa umekwisha kufika huku zamani pamoja na vitabu vya dini, na mwanachuoni aliyeuhamishia katika Kiswahili kwa ukamilifu ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, akawa mwalimu wa skuli, kadhi wa Unguja, na kuanzia mwaka 1968 Kadhi Mkuu wa Kenya. Wengi humkumbuka kwa tafsiri yake ya Kurani. Kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, ambacho kilichapwa Mombasa mwaka 1972, kinajulikana na wachache zaidi, na hilo ni kukinyima haki yake. Humo, kwa tarehe za Hijria na kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na mapambo, ameweka nani alisoma kwa nani, alisomesha nani, alisafiri wapi na alizikwa wapi. Kwa kufuata walimu na wanafunzi wa kitabu hicho, msomaji anaweza kuuona mtandao mzima wa elimu ya pwani katika karne ya 19 na ya 20: Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, akawa nahodha wa jahazi ujanani, akafika Hadhramaut, Istanbul na Misri, na akawa kadhi Unguja, na rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ambaye chuo chake cha Ukutani kilitoa walimu wa kizazi kilichofuata. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na ukoo wa elimu walioacha ungekuwa umetawanyika katika kumbukumbu za wazee tu kama Farsy asingeuandika.

Upungufu wa kitabu hicho unaonekana kwa kukilinganisha na Ibn Saad na al-Sakhawi: waliomo karibu wote ni wanaume. Pwani ilikuwa na wanawake waliosomesha Kurani majumbani kwa vizazi na waliohifadhi tenzi kwa mkono wao. Mwandishi Shaaban Robert alimwandikia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 1950, wasifu wa kitabu kizima, na heshima hiyo ilimstahili. Lakini wasifu wa mmoja haujazi nafasi ya tarjama za mamia.

Tangu mwaka 2003 kuna Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na kuisahihisha, na ambayo ina maelfu mengi ya makala. Wahariri wake wa kujitolea wamefanya kazi ambayo hakuna serikali wala chuo kikuu cha Afrika Mashariki kimeifanya kwa lugha hii, na wanastahili kusifiwa kwa hilo bila kusitasita. Hata hivyo makala nyingi bado ni zile ambazo wahariri wenyewe huziita mbegu, yaani za mistari miwili au mitatu zinazosubiri mtu wa kuziendeleza, na nyingi za hizo juu ya watu zimetolewa katika lugha za Ulaya, zikiwa na majina ya Ulaya na vipimo vya Ulaya vya nani ni mashuhuri. Kinachokosekana si programu wala nafasi. Kinakosekana kile alichokuwa nacho Yaqut alipoandika juu ya Pemba: mtu aliyeona au aliyesikia kwa aliyeona, anayetajwa kwa jina, na tarehe iliyohakikiwa.

Tarehe hizo zipo. Zimo katika kurasa za mwanzo za misahafu ya familia ambamo vizazi na vifo viliandikwa kwa wino, katika ijaza zilizokunjwa masandukuni, katika barua za wafanyabiashara wa Lamu, Mombasa, Tanga, Bagamoyo na Kilwa, na juu ya mawe ya makaburi ambayo chumvi ya bahari inayala kila mwaka. Wenye karatasi hizo wazipige picha na kupeleka nakala kwenye hifadhi za nyaraka, kama ile ya Zanzibar iliyoko Kilimani, na walimu wa Kiswahili na wa historia wawape wanafunzi wao kazi ya kuandika tarjama moja tu kila mmoja, ya mwalimu, fundi, mkunga au mtunzi wa mtaa wao, wakitaja mwaka na wakimtaja aliyewapa habari.